Mzee Delmar Stamper, Dereva wa Gari Namba 61 (1947–2016)

Mchungaji, viongozi wa ushirika wetu, majirani wa Fereej Bin Mahmoud na wa hapa Al Mansoura, Doha, ndugu zetu mliotoka Industrial Area asubuhi na mapema katika siku yenu moja ya kupumzika, nawasalimu nyote. Mimi ni Jebet, binti wa Damaris, na huyu tunayemuaga leo Ijumaa, tarehe 25 Novemba 2016, ni baba aliyenilea, na mama ameomba nisome mimi kwa sababu sauti yake imekwisha. Naomba mnivumilie, maana shule yangu iliishia darasa la nane na sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivi, lakini kila tarehe nimeiuliza kwa mwenye kuijua, na yote nitakayosoma ni ya kweli, pamoja na jambo moja ambalo wengi wenu mlikuwa mmeambiwa kwa namna nyingine.

Delmar Ray Stamper alizaliwa tarehe 3 Agosti 1947 katika kijiji cha Cobb Hollow, jimbo la North Carolina, Marekani, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Clyde Stamper, aliyekuwa mpasuaji mbao, na marehemu Mama Loretta. Habari hizi nimepewa kwa simu na dada yangu Carol Ann, binti yake wa kumzaa, ambaye alishangaa kuulizwa baba yake alikuwa mtoto wa ngapi, akaniambia kwao mtu hasomewi hivyo, rafiki mmoja husimama akasema alikuwa mwema, kisha watu wanakwenda kula. Nilimweleza kwamba kwetu mtu hazikwi kabla haijajulikana alizaliwa wapi na kwa nani, akaenda kuitafuta Biblia ya nyanya yake ambamo watoto wote sita wameandikwa kwa kalamu, akanisomea mmoja mmoja, na alipofika kwa Delmar akaanza kulia.

Nikija kwenye masomo, alisoma katika shule ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1953, akaacha mwezi wa Machi 1963 akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya msumeno kumkata babake vidole vitatu na nyumba ikakosa mtu wa kusimama kwenye mashine ya kiwanda cha mbao. Habari hii alinisimulia mara nyingi baada ya mimi kutoka shule, akidhani itanifariji, na mimi nilikuwa nakasirika, kwa sababu yeye alitoka kwa mlango uliokuwa wazi, na angetaka kurudi angerudi.

Kuhusu kazi yake, alianza kutengeneza magari akiwa kwenye kiwanda hicho cha mbao, na tarehe 23 Julai 1966 akaingia shindano lake la kwanza katika uwanja wa udongo karibu na kwao, akamaliza wa mwisho, na akarudi wiki iliyofuata. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1991 alikuwa dereva wa kulipwa, akaendesha mashindano mia tatu na kumi na nane, akashinda mawili tu, moja mwaka 1976 na jingine mwaka 1982, na mtu akimuuliza alikuwa dereva wa aina gani alijibu kwamba alikuwa dereva wa namba kumi na mbili, yaani kuna kumi na mmoja waliokuwa bora zaidi na wengi waliokuwa nyuma. Mashindano yenyewe si rali kama ile tunayoijua Kenya ya kukata vumbi kutoka mji hadi mji, ni magari yenye sura ya magari ya kawaida ya dukani, ila ndani yameng'olewa viti na kufungwa mabomba ya chuma, nayo huzunguka uwanja wa duara, magari arobaini kwa pamoja, kwa muda wa saa tatu au nne, yakikata kushoto, kushoto, kushoto tena. Anko Onyango, ambaye nyote mnamfahamu kwa basi lake la wafanyakazi, alipoelezwa jambo hili mara ya kwanza sebuleni kwetu alicheka hadi akaweka kikombe chini.

“Sasa Mzee, mnafukuzana masaa manne, halafu mkimaliza mko palepale mlipotoka?”

“Palepale,” baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, “lakini mtu moja iko mbele.”

Gari lake lilikuwa namba 61, na jina la baba lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango, kama ilivyo kawaida yao. Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu bila kuelewa desturi hii moja hamtaelewa maisha yake ya Doha. Katika mashindano hayo, dereva akizidiwa na joto au homa katikati ya mbio anaruhusiwa kushuka na mwenzake akaingia kumalizia, lakini matokeo yote, yawe mazuri au mabaya, huandikwa kwa jina la yule aliyelitoa gari mwanzoni. Tarehe 6 Agosti 1978 baba alikuwa na homa, akashuka mbio zikiwa nusu, mwenzake akalifikisha gari nafasi ya tatu, na kikombe akapewa baba, naye alipomfuata yule mwenzake ili ampe, mwenzake alikataa hata kukigusa. Mwaka 1983 ikawa kinyume, baba ndiye aliyeingia kumsaidia mwingine, akaligonga gari ukutani, na aibu yote ikaandikwa kwa jina la mwenye gari, ambaye hakumlaumu hata kwa neno moja. Baba alisema katika miaka ishirini hakuwahi kusikia dereva akibisha jambo hilo, ni kama vile sisi tusivyobishana nani atamzika mzazi.

Tarehe 19 Mei 1991 gari lake liligonga ukuta na shingo yake ikavunjika mfupa mmoja, akastaafu mbio, akafungua gereji kwao, na aliishi hivyo hadi alipoitwa Doha na kampuni moja ya magari, ambayo siku hizi haipo tena, aje kuwafundisha mafundi na madereva wa mashindano. Alishuka uwanja wa ndege tarehe 11 Oktoba 2004, akiwa na mkoba mmoja wa nguo na masanduku mawili ya spana, kwa mkataba wa miaka miwili, ambao baadaye ulirefushwa, na alimwambia Carol Ann kwamba atarudi kabla hajamaliza kuzoea joto.

Kuhusu ndoa, alimwoa kwanza Mama Brenda mwaka 1970, wakajaliwa mtoto mmoja, Carol Ann, na wakaachana kwa amani mwaka 1985. Mama yangu Damaris, mzaliwa wa Kapsabet, alikuwa hapa tangu mwaka 2003 akifanya usafi katika hoteli ambako kampuni ilimweka baba miezi yake ya kwanza, na siku waliyojuana alifungua bafu akakuta kabureta imelowekwa kwenye sinki la kuogea, mafuta yameenea hadi ukutani. Alimwendea akiwa na brashi mkononi, akamwambia, “Bwana, hapa watu huoga,” na baba akasimama, akavua kofia, akaichukua brashi ile akasugua mwenyewe saa nzima, huku mama akimwonyesha alipobakisha. Mama anasema alimaliza kazi ile vizuri kuliko msichana yeyote ambaye yeye mama amewahi kumfundisha. Walifunga ndoa kanisani Kapsabet siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2006, na mwezi wa Januari 2007 wakanichukua kutoka kwa nyanya yangu, nikiwa na miaka saba, tukaja kuishi wote watatu Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Baba yangu mzazi sikumjua, kwa hiyo neno hilo lilikuwa bado halijatumika, nikampa yeye.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri, nilikuwa shuleni, mama alikuwa amepumzika na kazi za hoteli, na katika gereji ya kampuni kule Industrial Area baba alikuwa amempata mwanafunzi. Onyango alikuwa ameajiriwa hapo kuosha magari, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, mwenye mke na watoto wanne Siaya, na siku moja baba alimwona akiinua kichwa kutoka kwenye ndoo na kusema injini iliyokuwa ikiunguruma karibu naye inakohoa upande mmoja, na kweli ilikuwa hivyo. Tangu siku hiyo alimfundisha kila alichokijua, akamwandikisha kwa mtihani wa leseni ya hapa, uliopangwa kufanyika Jumanne, tarehe 17 Machi 2009.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, saa nne asubuhi, baba alilitoa gari moja la mashindano gereji ili kulijaribu kwenye barabara ya nyuma iliyokuwa haipitwi sana, akazunguka mara mbili, kisha akashuka ili aisikilize injini kutoka nje, akamwambia Onyango aingie azungushe mara moja. Hapo ndipo mlinzi mmoja wa ghala, Bwana Dil Bahadur wa kutoka Nepal, alipotokeza kati ya malori mawili yaliyoegeshwa, Onyango akakanyaga breki, gari likateleza kwenye mchanga, na Bwana Dil akavunjika miguu yote miwili. Afisa alipofika akauliza dereva ni nani, na Onyango, asiyekuwa na leseni, alifungua mdomo lakini baba alikuwa ameshatoa leseni yake mfukoni. “Gari nimelitoa mimi,” alisema, na ikaandikwa hivyo, akatia sahihi.

Nimesema mtasikia jambo ambalo mliambiwa kwa namna nyingine, nalo ndilo hilo. Baba hakuwa kwenye usukani. Alitia sahihi kwa desturi ya kazi yake, akidhani ataitwa mbele ya wakubwa, atakaripiwa, atapewa adhabu, na jambo litaisha kabla ya wiki ya mashindano inayofuata, kwa sababu ndivyo mambo yalivyokuwa yakiisha kwao. Hakujua kwamba kesi ikifunguliwa mtu hawezi kuondoka nchini hadi ifungwe, na kwamba haiwezi kufungwa bila maelezo ya aliyeumia. Alimtembelea Bwana Dil hospitalini kila siku, akimpelekea machungwa, wakawa marafiki, lakini mwezi wa Mei mwajiri wa Bwana Dil alimsafirisha kurudi kwao akiwa bado na plasta, kabla ya maelezo yake kuchukuliwa, na hakuna aliyejua kijiji chake.

Tangu hapo kesi iliitwa mara ishirini na tatu, mama ameziandika zote kwenye kalenda, na kila mara ilisemwa shahidi hayupo, mrudi baada ya miezi mitatu au minne, na baba alivaa koti lake lilelile la kijivu, akaenda, akarudi, akalitundika. Mwezi wa Februari 2011 kampuni ilifungwa na mwenyewe akahama, naye baba hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa sababu ya kesi, na hakuweza kuondoka kwa sababu hiyohiyo. Tarehe 30 Juni 2013 kitambulisho chake cha ukaazi kiliisha muda, na vyetu sisi, kwa kuwa vilining'inia kwenye chake, vikaisha siku hiyohiyo. Hakuweza tena kuendesha gari, mtu ambaye alikuwa ameendesha tangu akiwa na miaka kumi na miwili, akawa kila jioni anatembea kuzunguka jengo letu, akikata kushoto kila kona, raundi arobaini, na watoto wa majirani wakiwa dirishani wakimhesabia kwa sauti na kumpigia makofi akifika mwisho. Aliwapungia mkono kila mara. Mimi sikuhesabu.

Mwezi wa Septemba 2013 shule ilitaka nakala ya kitambulisho kama kila mwaka, nikarudishwa nyumbani tarehe 8, siku ya kwanza ya muhula, nikiwa na miaka kumi na minne, na jioni ya siku hiyo Anko Onyango alipita kutusalimu kama desturi yake, asijue. Wakati huo alikuwa ameshapata leseni na kazi ya kuendesha basi la kampuni nyingine, kazi inayowasomesha watoto wake wote wanne. Mama hakumkaribisha kiti. Alimwonyesha mimi, niliyekuwa nimesimama na sare mkononi.

“Shemeji, mwangalie huyu,” alisema. “Wa kwako wapo darasani, sivyo?”

Onyango akamgeukia baba, akamwambia, “Mzee, kesho naenda nikaseme. Imetosha.”

“Nani alitoa gari gereji?” baba akauliza.

“Wewe, Mzee, lakini...”

“Basi.”

“Basi nini, Delmar?” mama akapaza sauti. “Huu si uwanja wa mbio! Hakuna mtu hapa anayejua hayo mambo yenu ya jina mlangoni! Umemfungia mtoto nje ya shule kwa sheria ya nchi nyingine!”

Baba akamuuliza Onyango ana watoto wangapi, kana kwamba hajui, Onyango akasema wanne, na wa kwanza, Hannah, ana umri sawa na wangu. Baba akasema Onyango akijulikana atafungwa na kurudishwa kwao, na watoto wanne watatoka shule badala ya mmoja, na kwamba yeye mwenyewe ni mzee na kesi itakwisha tu, labda mwezi wa kumi. Niliisikia hesabu hiyo nikiwa nimesimama palepale, na sitawadanganya mbele ya jeneza lake, nilimchukia mtoto ambaye sijawahi kumwona, Hannah wa Siaya, ambaye kila Desemba picha yake ilitumwa kwenye simu ya babake akiwa na ripoti ya shule. Nilimchukia miaka mitatu. Baba alijua, naye alininunulia madaftari akanifundisha hesabu kwa kutumia gia na matairi, na dada Kawira, muuguzi kutoka Meru tuliyepanga naye nyumba moja baada ya kuhamia hapa Al Mansoura mwaka 2014, akanifundisha Kiingereza na biolojia siku zake za mapumziko, mama akipika chapati za kuuzwa kwenye kambi za wafanyakazi. Hivyo ndivyo tulivyoishi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, na Anko Onyango hakukosa kuja hata Ijumaa moja, mvua au joto, akiketi karibu na mlango hata mama alipoanza tena kumpa kiti cha mbele.

Mwezi wa Septemba mwaka huu ulipotangazwa msamaha, kwamba yeyote asiye na karatasi anaweza kuondoka bila adhabu hadi tarehe 1 Desemba, baba alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona, akatuletea fomu mbili.

“Mbili za nani?” mama akauliza.

“Wewe na Jebet. Mimi niko na kesi.”

“Nikuache na nani?”

“Na Onyango. Na Kawira. Iko watu.”

“Ukiugua?”

“Nitaugua pole pole,” akasema, tukacheka wote watatu, na mama akaziweka fomu zile chini ya godoro, akasema zitajazwa siku itakapopatikana ya tatu. Mimi nilizitoa kila siku mama akiwa jikoni, nikazisoma, nikazirudisha. Nilitaka kwenda. Baba aliniona mara moja, akaninong'oneza nijaze yangu kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, na nisiogope.

Kuhusu ugonjwa, moyo wake ulianza kumsumbua mwezi wa Aprili 2015, na kwa kuwa hakuwa na kadi ya matibabu, dada Kawira alimpima shinikizo la damu kila wiki na kumwekea mpango wa dawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huu miguu yake ilivimba, raundi zikapungua hadi kumi, hadi tano, hadi akawa anafika kona ya kwanza tu na kurudi. Jumatano, tarehe 9 Novemba, saa saba mchana, alianguka ngazini, gari la wagonjwa likaja upesi, na aliaga dunia hospitalini siku hiyohiyo saa kumi na dakika ishirini alasiri, mama akimshika mkono mmoja na mimi mwingine, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, miezi mitatu na siku sita. Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, na wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwabeba.

Tulidhani kwamba sasa angalau ataruhusiwa kuondoka. Siku ya tano tuliambiwa kwamba jina lake bado limo kwenye kesi iliyo wazi, na mwili hauwezi kusafirishwa hadi hakimu alitoe, na siku ya kuitwa ni tarehe 14 Desemba. Sisi wawili ni lazima tuwe tumeondoka kabla ya tarehe 1, la sivyo msamaha unatupita na hatujui utarudi lini. Kwa hiyo tulikuwa na siku chache za kuchagua, ama kumwacha peke yake kwenye barafu bila mtu wa kwao wa kutia sahihi, ama kubaki naye na kufungiwa hapa tena. Mama alichana fomu yake. Hakulia, aliichana tu vipande vinne, akavitia kwenye ndoo ya takataka, na kunitazama mimi bila kuniambia nifanye nini na yangu.

Jumatatu iliyopita, tarehe 21 Novemba, saa moja asubuhi, Anko Onyango aliliegesha basi la kampuni, akamkabidhi msimamizi wake funguo, akaenda peke yake kwenye ofisi ya kesi na kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani tarehe 12 Machi 2009. Hakutuambia. Alikuja nyumbani kwetu saa tisa alasiri akiwa hana pasipoti, imeshikiliwa, na hana kazi, na mama alipomuuliza kwa nini hakungoja tushauriane, alisema, “Shemeji, siku zote Mzee alikuwa akinikatalia. Sasa hawezi.” Jumatano tulipata barua ya kuondoa jina la baba, na dada Kawira akasimama na mama kwenye foleni hadi akapewa fomu mpya. Kesi sasa ina jina la Onyango, ataitwa mara ya kwanza tarehe 14 Desemba, na Bwana Dil Bahadur bado hajulikani aliko.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea baba bila kuuliza karatasi kwanza, dada Kawira ambaye hatuna cha kumlipa, majirani wa Fereej Bin Mahmoud na watoto wao waliomhesabia, mafundi wa zamani wa gereji waliolipaka jeneza rangi nyeupe na kuandika jina lake ubavuni, ushirika huu, na ndugu wa Industrial Area mliojaza ukumbi huu kwa ajili ya mtu asiyetoka kwenu. Mama nami tutaondoka Jumanne. Nimeambiwa kuna shule Kapsabet itakayonipokea kidato cha kwanza mwezi wa Januari, nitakuwa na wanafunzi wadogo kuliko mimi kwa miaka mitatu, na nitakaa nao.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba Anko Onyango, aliyeketi pale karibu na mlango, haendi popote, na Ijumaa ni ndefu sana kwa mtu asiyeweza kuondoka, mimi naijua, kwa hiyo msimwache akae peke yake. La pili ni kwamba Hannah yuko kwenye mtihani wa kidato cha nne, na karatasi yake ya mwisho ni ya Fizikia, Jumatano, tarehe 30, na nyumbani kwao wamekubaliana asiambiwe lolote hadi aweke kalamu chini. Najua wengi mmepiga picha hapa, na najua habari zinavyofika Siaya kwa simu kabla hata hatujafika nyumbani. Nawaomba, kila mmoja wenu, msimtumie mtu yeyote Kenya habari hii hadi Jumatano jioni. Mwacheni amalize.

Baba, ndege yako ni kesho saa tano asubuhi, na Carol Ann atakuwa amesimama upande wa pili kukupokea, akupeleke kwa Mama Loretta. Safiri salama, ulale kwenu.